Bastola ya Silvanus

Shoga, uko kwenye kompyuta? Acha kila kitu, soma. Nimetoka kwa Silvanus sasa hivi, mbavu zinaniuma.

Unakumbuka alivyoigiza kwenye ile filamu ya makauboi, akarudi huku mtaani kwetu Flemingdon na bastola? Ile ile aliyomwekea mkewe Adelina kichwani, dada akakimbilia kwangu pekupeku kwenye theluji. Silvanus kamwambia, "Ni ya kweli, ina risasi." Mwaka mzima dada wa watu analala na hofu hiyo.

Basi mkanda wa filamu umetoka. Kaalika kwaya nzima, kapika pilau. Anatusomesha: hii bunduki ya sherifu, ile ya jambazi, "zote za kweli, hata yangu."

Ikafika zamu yake kwenye skrini. Kapigwa risasi, kadondoka barazani, kaiangukia bastola yake. Shoga, ikajikunja kama ndala! Halafu ikanyooka yenyewe!

Nikasema, "Rudisha." Hataki. Nikachukua rimoti, nikarudisha mwenyewe. Ndala. Nikarudisha tena. NDALA! Jasho linamtoka, na mimi naona raha, sikufichi.

Adelina hacheki. Kaenda chumbani, karudi na bastola yenyewe, kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akaikunja mbele yetu mpaka mdomo ukagusa mpini. Akaiachia kwenye sahani ya mumewe, ikanyooka juu ya pilau.

"Kula."

Silvanus ananiangalia mimi, eti nimtetee.

Nikamsogezea pilipili.