Begi Lako Liko kwa Shangazi

Onduparaka,
Arua.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Tongun,

Pokea salamu zetu sote wa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi Rejoice na watoto. Mgongo wako je, umetulia? Kile kiti cha shangazi kilikutesa Krismasi nzima nasi tukawa tunakucheka. Mimi mwili ni mzima. Mvua za kwanza zimeanza, watu wanapanda karanga, na timu yetu ya mtaa imefungwa tena, kwa hiyo Onduparaka yote imenuna.

Barua hii nampa Mogga, anayerudi huko kwenu Australia, kwa kuwa simu zangu hupokei. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Nianze na Filda, maana ndiye anayeninyima usingizi. Ni yule binti mwembamba mwenye mwanya, aliyesafisha chumba chako kwenye nyumba ya wageni kule Koboko. Ndiye aliyekuchemshia maji ya kuoga kila asubuhi, kwa sababu bomba la maji moto lilikuwa pambo tu.

Unakumbuka siku uliyoondoka. Ulipita kwanza kwa shangazi Santa kumuaga, mkala, mkaondoka na Tahiru dereva. Mbele kidogo ukaona lile begi dogo jeusi, lenye kamera na kompyuta, halimo garini. Mkageuza hadi nyumba ya wageni, mkakuta Filda amekwisha kufagia na begi hakuna. Ukapita polisi kuchukua karatasi ya kuwapelekea watu wa bima, ukakimbilia ndege.

Uliponipigia kutoka Entebbe uliniambia hukumbuki uliliweka wapi. Lakini polisi uliwaambia limeibwa chumbani. Sababu naijua, maana ulitueleza mwenyewe siku ya Krismasi, mdomo umejaa kuku: bima ya safari hulipa kilichoibwa, kilichosahauliwa hailipi. Tulicheka wote, hata mimi.

Jioni ile wewe ukiwa angani, polisi walimchukua Filda. Ndiye pekee aliyeingia chumbani na ufunguo. Walipopekua kwao hawakuona begi, ila waliona ile sabuni yako yenye harufu ya ndimu, wakaichukua kuwa ushahidi.

Januari ukatutumia picha ya kamera mpya kwenye kundi la familia, ukaandika kwamba bima wamelipa. Nami saa ile ile nikakuandikia kwamba mtoto wa watu yuko mahabusu kwa ajili ya begi lako. Ulisoma, niliona umesoma. Jibu halijaja mpaka leo. Kaka, nimelia kwa ukimya huo kuliko nilivyolia tulipomzika baba.

Sasa kaa chini. Mwezi uliopita nilikwenda Koboko kumweleza shangazi habari za Filda. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitenge, akacheka kama msichana. Lilikuwa begi lako. Alilitoa garini ninyi mkiwa mnanawa mikono, akalificha chini ya kitanda.

Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia, "Baba yenu alipokimbia vita kwenda Kongo, mama yetu alificha koti yake. Ye alirudi. Na huyu Tongun alikaa huko mpaka mimi nikazeeka. Mara hii nimeshika kitu yake, atarudi kufuata."

Nilishindwa kumkasirikia. Nilimkasirikia Mungu, nikakukasirikia wewe, yeye nikashindwa. Ile miaka yote uliyokuwa ukituahidi kuja mwakani, mwenzako alikuwa anaihesabu.

Nilikwenda polisi nikaeleza kila kitu. Afisa mmoja, Afedra, mtu mpole wa sauti, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwenye mali aliandika kwamba waliiba ndani ya chumba. Kama begi iko kwa mama mzee, basi mwizi ni mama mzee. Unataka tulete yeye hapa?" Nikarudi nyumbani na aibu yangu. Alichonishauri ni kimoja: wewe mwenyewe uandike kwamba begi halikuibwa, lilichukuliwa na shangazi yako kwa mapenzi, na huna shtaka juu ya mtu yeyote.

Najua unachokiogopa. Ukiandika hivyo, bima watataka chao, na pengine watakuita mwongo. Sikudanganyi kwamba ni jambo dogo. Lakini wewe utaitwa mwongo ukiwa kwako, umelala kitandani kwako.

Alhamisi nilimpelekea Filda chakula. Amekonda hata ule mwanya unaonekana mkubwa. Hakukutukana. Alisema, "Dada Elena, kaka yako alikuwa mutu muzuri. Aliniachia sabuni kwa mkono yake, akasema asante. Sasa wanasema hata sabuni niliiba. Umuulize, amesahau?"

Umesahau, kaka? Niliahidi nitakuuliza, ndiyo nimeuliza. Lakini sikufichi, matumaini sina. Kila nikiiona ile picha ya kamera mpya, naona kalamu yako inazidi kuwa nzito.

Mama yake Filda ameacha kuuza mihogo. Siku hizi hushinda uani kwa shangazi, kwa kuwa amesikia begi liko pale, na pengine anaona ni heri kukaa karibu nalo. Hawagombani. Shangazi humpa uji, humshika mkono na kumwambia, "Usilie. Begi iko. Mwenyewe anakuja." Gari likisikika barabarani, wote wawili hunyamaza.

Kila nikienda Koboko, mimi ndiye ninayekaa nao nikiinamisha kichwa. Shangazi hajui bima ni nini. Sijathubutu kumwambia kwamba ulikwisha kulipwa, kwamba kila kilichomo ndani ya kile kitenge umekinunua upya, na kwamba hapa kwetu huna tena ulichokiacha.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Hapa nyumbani Scovia na Alionzi wanakusalimu. Shangazi Santa anakusalimu kuliko wote, na ameniagiza nikuulize utapenda kupikiwa nini.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na aulegeze mkono wako uandike.

Wako nikupendaye, hata sasa,
dada yako Elena