Rubani Wangu Hajui Kumpinga Mkubwa

Jumanne, Julai. Kizwite, Sumbawanga.

Leo upepo umeamka kabla yetu. Baridi ya mwezi huu inaingia hadi ndani ya soksi, na nimefua mashuka mawili ambayo hayana mpango wa kukauka. Nimechoka. Nimechoka kule kwa kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kusahau ulitaka kufanya nini.

Lakini ndani yupo mume wangu.

Mume wangu! Ni miezi miwili na nusu tangu tufunge ndoa, na bado nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota noti barabarani. Fidelis amekaa mezani na sweta mbili, na chini yake lile shati jeupe la kazini, maana anasema akilivaa kichwa kinakaa sawa. Ningeweza kumtazama kutwa nzima. Hata akikuna kidevu.

Kwa msiomjua, Fidelis ni rubani. Anarusha ndege ndogo zinazopeleka watalii kwenye viwanja vya vumbi, na analipwa kwa saa anazoruka. Ndege ikiingia gereji, na mshahara unaingia gereji. Alhamisi asubuhi ana usaili kwa video na shirika la ndege la nje, huko Ghuba, lenye ndege kubwa za kubeba mamia ya watu. Alipopewa likizo ya siku kumi nilidhani ni fungate yetu tuliyoikosa. Kumbe ni siku kumi za maswali.

Na msaili ni mimi. Mimi wa kidato cha nne, mwenye kibanda cha kutoa fotokopi, nimekuwa jopo la usaili. Maswali nimeyachapa mwenyewe, kurasa kumi na moja, na nayasoma kwa Kiingereza changu cha shule. Tunaanza baada ya chai, nafungua kibanda, nafunga mchana, nasoma tena. Kwa nini unataka kufanya kazi kwetu? Injini moja ikizima wakati wa kupaa utafanya nini? Hayo anayajibu vizuri mpaka natamani kumbusu katikati ya jibu. Nimefanya hivyo mara mbili. Wasaili wa kweli hawatafanya, natumaini.

Swali linalomshinda ni moja tu. Kapteni wako anakosea na hataki kusikia, utafanya nini?

Marubani wana utaratibu wa hilo, wenye hatua nne. Kwanza unauliza. Pili unasema wasiwasi wako. Tatu unapendekeza njia nyingine. Nne, akikataa na hatari ipo, unashika usukani wewe. Fidelis anazijua hatua zote, anaweza kuzitaja usingizini. Ila akifika kwenye mfano wa kweli anauliza swali moja kwa sauti ndogo, kisha ananyamaza. Kwao kumuuliza mkubwa swali la pili tayari ni ugomvi. Jana nilijifanya kapteni ili azoee. Nikakunja uso, nikashika sufuria kama usukani. Alinisalimia shikamoo! Tulicheka mpaka machozi.

Halafu akajibu vibaya tena, na mimi nikamwambia, "Hapo safi."

Haikuwa safi. Nilikuwa nimechoka, ndiyo. Lakini nakiri hapa: kuna kipande changu kilitaka ashindwe abaki. Nililala nimekipa mgongo kipande hicho, asubuhi nikakikuta palepale. Kabla ya chai nikamwambia Fidelis ukweli wote. Akasema, "Bora wewe umenipinga. Haya, soma tena."

Unaona kwa nini nampenda?

Basi, sasa suala la kituo. Kabla ya usaili shirika linataka mtu ajaze fomu ya kuchagua kituo cha kazi, na mwisho wa kuituma ulikuwa leo saa kumi na mbili jioni. Ukishachagua, hubadilishi kwa miaka mitatu. Kituo cha kwanza ni mji wao mkuu. Miezi mitatu ya majaribio anakaa peke yake, kisha mke anaruhusiwa kuhamia, na kuna posho ya nyumba, ingawa nyumba za huko ni ghali mpaka posho yenyewe inaona aibu. Kituo cha pili kiko nchi nyingine. Anafanya kazi wiki sita analala hotelini, anarudi nyumbani wiki mbili, tiketi juu ya kampuni. Mkononi zinabaki pesa nyingi zaidi. Ila mke haruhusiwi. Kabisa.

Tulishaamua cha kwanza. Tuliamua Jumapili tukirudi kanisani, tumeshikana mikono mfukoni mwa koti lake. Miaka mitatu ya kumpata wiki mbili wiki mbili, hapana. Sikuolewa na tiketi.

Saa saba mchana baba mkwe akafika kutoka kijijini kwao Kasense kwa pikipiki, na gunia la maharage na viazi. Sote tulimwamkia. Ni mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa maneno machache, na ndiye aliyeuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine Fidelis asomee urubani. Sijawahi kusikia mtu akimjibu baba huyu zaidi ya "sawa". Nikaingia jikoni kusonga ugali na kukaanga migebuka. Kati ya jikoni na sebule kuna pazia tu.

"Nimefikiri," nikamsikia anasema. "Chukua hicho cha wiki sita. Utakuwa unarudi, tunakuona, shamba unaliona. Mkeo atahamia Kasense. Mama yako ameshampakia rangi chumba."

Chumba kimeshapakwa rangi. Nilisimama na mwiko mkononi.

"Miezi miwili na nusu tu," akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Hata sauti yake mama yako hajaizoea. Unampeleka wapi?"

Fidelis akauliza, taratibu sana, "Baba, umeona kwamba kwa hicho cha pili tutakaa mbalimbali miaka mitatu?"

"Nimeona."



Ndipo nikajua. Hapo ndipo anapoishia siku zote. Amemaliza swali lake moja. Nilitaka kugonga mfuniko, kukohoa, kusema chochote, lakini mimi ni mkwe mgeni, sina kauli pale. Nikageuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa. Nikahesabu pumzi.

"Baba, nina wasiwasi," Fidelis akasema.

Hatua ya pili hiyo.

"Nina wasiwasi kwamba nikirudi baada ya wiki sita nitakuwa mgeni kwa mke wangu. Napendekeza tuchukue cha kwanza. Kuja nitakuja kwa likizo ya mwaka, na msaada nitatuma kila mwezi."

"Na mimi nikikataa?"

Pikipiki moja ilipita nje, nyingine ikapita. Kisha mume wangu akasema, "Nitajaza cha kwanza, baba. Nisamehe."

"Ndivyo wanavyowafundisha huko kwenye ndege?"

"Ndiyo, baba. Kapteni huwa hakasiriki."

"Mimi si kapteni," baba mkwe akasema. "Mimi ni baba yako."

Akasimama. Niliposogeza pazia alikuwa anavaa kofia. Nikamwambia, "Baba, chakula kiko tayari." Akanijibu, "Asante mwanangu, kuleni," akatoka. Hakumwangalia Fidelis. Tulisikia pikipiki ikikataa kuwaka, ikikataa tena, na hakuna kati yetu aliyethubutu kwenda kumsaidia. Ilipowaka Fidelis alikaa chini akatazama mikono yake.

Nilimkumbatia kwa nyuma, shavu langu kwenye sweta zake mbili, nikamwambia ni shujaa wangu. Akasema hajisikii shujaa. Anajisikia mtoto aliyemvunjia babake redio.

Ugali ulipoa. Tulikula kidogo, bila kusema mengi. Saa kumi na nusu tulikwenda kibandani kwangu, mtandao wa pale ni nafuu, akajaza kituo cha kwanza. Kabla ya kutuma aliniuliza, "Nitume?" Akilini nilimwona mama mkwe ameshika brashi ya rangi. Niliona pia kitanda chetu na wiki sita tupu juu yake. Nikasema tuma. Akatuma.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilihisi uzito tu, kama mtu aliyetua debe la maji akakumbuka kuna lingine kisimani. Usaili bado. Pengine hawatamchukua, tukawa tumemuumiza mzee bure. Pengine watamchukua, na miezi mitatu ya majaribio nitaimaliza hapa peke yangu na mashuka yasiyokauka.

Saa moja simu yangu ikaita. Mama mkwe. Nilipokea nimesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baba yenu amefika. Kula hajala."

"Tusamehe, mama."

"Mie sijui mliyoongea, hajasema kitu. Amekaa tu hapo nje na baridi lote hili." Akashusha sauti. "Ila ameniambia niwaulize. Huko mnakokwenda, kanisa lipo?"

Mnakokwenda. Amesema mnakokwenda, sisi wawili.

Kurasa kumi na moja za maswali, na hili halimo. Nikamwambia mama kwamba sijui, nitamtafutia jibu. Akasema sawa, niwahi, maana mzee hataki kuingia ndani.

Usingizi umenikaa kwenye kope na bado natabasamu kama mjinga. Kesho, kabla ya injini kuzima na kapteni kukosea, natafuta kanisa.