Kyalo Amepata Kazi kwa Fundi wa Baiskeli

Matiliku,
Jumapili baada ya kanisa.

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa binti yako aliye mbali na Zombe lakini moyo wake uko hapo jikoni kwako. Mguu unaendeleaje? Na yule mbuzi mweupe, alizaa salama? Sisi huku tu wazima, Kioko na wadogo zake wanakula vizuri na baba yao ameacha kukohoa. Najua mwalimu wa Sunday school ndiye anayekusomea barua hii. Mwambie asiharakishe, kwa maana nina habari tamu na sitaki aruke hata neno.

Mwaitu, mdogo wangu Kyalo ameandikwa kazi.

Unakumbuka tulivyoondoka nyumbani mimi na yeye. Baba mdogo alisema kijana mwenye ndevu asiyemwangalia mtu usoni, tena anayeziba masikio ng'ombe wakilia, hawezi kupewa kazi na mtu mwenye akili. Akasema nijaribu mpaka mavuno ya mbaazi, nikishindwa atakuja mwenyewe kumchukua, arudi kuchunga mbuzi mpaka azeeke. Nilijua hata wewe unaogopa kama mimi.

Mwanzo ulikuwa mbaya, sitakuficha. Nilimpeleka kwa Bwana Nzioka, fundi wa baiskeli hapa sokoni, nikampeleka kama tunavyopeleka mtu kwetu, yaani mimi mkubwa ndiye niseme. Fundi akamuuliza jina, nikajibu. Akamuuliza kama amewahi kushika spana, nikajibu. Hata alipoanza kazi ya kujaribiwa nikawa naketi hapo nje nikisuka kiondo, na mteja akimsalimu Kyalo, mimi ndiye naitikia. Niliona hiyo ndiyo heshima, na ndiyo kumsaidia. Mpaka fundi akaniita kando.

"Mama Kioko, mimi najaribu nani hapa? Wewe ama yeye?"

"Yeye."

"Basi enda nyumbani upike isyo, mahindi na maharagwe yako. Wewe ukikaa hapa, yeye anangojea tu wewe."

Nilikasirika mpaka nikasahau kiondo changu pale. Lakini nilipotulia nikaona ni kweli. Kesho yake nikarudi, nikamweleza fundi mambo ya Kyalo, Kyalo mwenyewe akisikia. Usimshike bega ghafla. Usimpe maneno mengi kwa pamoja, mwonyeshe kwa mikono. Akiziba masikio mwache, atarudi mwenyewe. Halafu nikamgeukia Kyalo, nikamuuliza kama kuna kitu nimesahau. Akasema, "Nyundo." Kumbe jirani anayegonga mabati ndiye alikuwa akimtesa siku zote hizo, na mimi niliyekuwa nikimsemea sikujua. Fundi akamhamishia upande wa nyuma wa kibanda chake kilicho wazi, akawa anafanya kazi akiangalia ukuta. Nami nikaenda zangu.

Ikabaki siku ya soko, ambayo niliiogopa kuliko zote. Juzi, siku hiyo ya soko, nilikuwa ng'ambo ya barabara nikinunua chumvi, nikaona mzee mmoja wa kanisa letu amefika akisukuma baiskeli yenye gurudumu lililopinda. Akasimama akingoja kusalimiwa na kijana, kama desturi ilivyo. Kyalo amempa mgongo.

"Huyu amelelewa na nani?" mzee akauliza, na watu wakaanza kugeuka.

Mwaitu, miguu yangu ilitaka kuvuka nimjibie. Nilishika nguzo ya duka kwa mikono miwili. Kyalo hakugeuka. Aliinua mkono wake wenye grisi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwangu: "Habari mzee. Mimi sipendi kuangalia watu. Leta gurudumu."

Mzee akacheka, akampa. Kyalo akalizungusha, akakaza spoki pole pole mpaka likaenda sawa. Mzee alikuja akisukuma, akaondoka amepanda.

Jioni fundi akamwambia mbele yangu, "Mambo ya kujaribu imeisha. Sasa wewe ni wa hapa."

"Najua," Kyalo akasema, akaendelea kufuta spana.

Nililia, nakuambia ukweli. Nimefurahi kuliko siku niliyoolewa, na mume wangu amekaa hapa kando akiona ninavyoandika hivyo.

Kyalo anaomba umtumie lile shati la buluu ambalo kola yake haimwashi shingoni. Unisalimie nyanya, dada yangu mdogo na watoto wake, na mama mchungaji aliyekuwa akituombea. Jirani zetu waliokuwa wakikuonea huruma, wasalimie pia, na uwasalimie kwa sauti.

Na Baba mdogo mwambie asijisumbue kuja kumchukua mtu. Lakini kutembea anakaribishwa sana. Aje na ile baiskeli yake mbovu, na afike asubuhi mapema, kwa sababu wateja wa Kyalo ni wengi, na Kyalo hapendelei ndugu.

Ni mimi binti yako,
Mwende