Shikamoo ya Neema Imenusurika

Manzese, Jumatatu mchana

Shikamoo, Bibi. Mguu unaendeleaje?

Sherehe ya kumuaga dada Neema kabla ya harusi yake ilikwenda vizuri, ila mie nusura niaibike. Mie ndiye niliyekuwa narekodi; betri ilikuwa imechoka, nikaichomeka kamera ukutani. Neema alipopiga magoti mbele ya kamera kukusalimia wewe uliyebaki Masasi, umeme ukakatika. Kamera ikazimika, na ile video ikagoma kabisa kufunguka.

Leo nimempata fundi hapa Manzese, kwenye kibanda chenye joto la kuokea mikate. Akaniambia, "Braza, nipe video nyingine nzima ya kamera hii hii, kompyuta iigilizie kutengeneza hii iliyoharibika."

Kwenye kadi ilikuwepo moja tu: ile unayonifukuza jikoni kwa mwiko, ukinifokea niifute kwa kuwa hujafunga kilemba. Bahati sikuifuta, mke wangu. Fundi alicheka mpaka akafuta machozi.

Video imefunguka, nakuletea. Endelea kuukanda mguu. Neema anapiga magoti, anasema, "Shikamoo, Bibi," na video inaishia hapo. Marahaba utaitikia mwenyewe.

Mumeo mdogo,
Yona