Kobe Anayeachwa na Treni

Wafula, rafiki yangu,

Habari za huku kwanza, halafu nikushtaki.

Tangu tukuzike Kanduyi ni miezi mitano. Mke wako Mama Simiyu yuko, amekonda kidogo, lakini juzi alinifokea nikiingia na gamubuti zenye matope, kwa hivyo najua atapona. Yule jogoo wako mkali walimchinja siku ya matanga. Nilipewa paja. Alikuwa mgumu kama wewe. Rangi na brashi zako amechukua mama mwenyewe, siku hizi ndiye anaweka macho kwa midoli ninayochonga. Wa kwanza walitoka wamekasirika wote, hata korongo. Sasa wametulia.

Mimi niko Kitale, kwa karakana, mvua inapiga mabati, na tangu nilipojua ulichonifanyia sijatulia hata kidogo.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa na stima na televisheni. Mimi huku shambani nilikuwa na taa ya mafuta na redio inayokohoa. Ile katuni ya wanyama wa stesheni ilikuwa inaonyeshwa Jumamosi saa kumi, na wewe, mzee wa kuchora vibao vya hoteli, ukakaa chini na wajukuu ukatazama. Halafu unaniandikia kwa karatasi ya mfuko wa simiti: “Mkubwa wa stesheni ni kiboko, tumbo limeshinda mlango. Mpiga kengele ni korongo, mguu mlefu.” Mlefu! Lakini nilikuelewa, kwa sababu mimi pia na shule tuliachana darasa la nne bila kuagana.

Nilichonga vile uliandika. Hiyo katuni sikuwahi kuiona hata siku moja. Naleta gunia, wewe unapaka rangi, Naliaka anauza kwa kibanda chake sokoni Bungoma, na zinazobaki tunazungusha Misikhu. Hata Suam mpakani tulifika, Mganda mmoja akabeba viboko wote akidhani ni nguruwe.

Ndipo ukaandika ya kobe. “Kuna mpya, Ndirangu. Kobe, mama mzee, leso kwa kichwa. Kila wiki anachelewa, treni inamwacha.” Nilicheka peke yangu mpaka mbwa akatoka nje. Nikamchonga shingo imenyooka mbele, mkono mmoja juu, kama mtu anayeita gari lisimame. Na si huyo ndiye aliwashinda wote? Kiboko mmoja akinunuliwa, kobe watano wameenda.

Basi. Baada ya matanga Mama Simiyu akaniambia, “Shemeji, kuja Jumamosi ukae na watoto. Kiti yake ikikaa tupu naumia.” Nikaja. Ile springi ya kushoto bado inachoma matako, ungeitengeneza ukiwa hai. Wajukuu wako wananiita Kuka, yaani babu, kwetu naitwa Guka, hapo hatukusumbuana.

Kiboko alipotokea niliruka, bana! Ni yeye! Tumbo lile lile, kama nilimpima. Korongo naye huyo, na mguu wake mlefu. Nikangoja kobe. Treni ikaenda. Nikasema, si huyu mama huchelewa, atakuja wiki ijayo. Wiki ijayo treni ikaenda. Wiki ya tatu nikaanza kumtafuta nyuma ya miti, nyuma ya choo cha stesheni. Nilisogelea kioo hadi Nekesa, yule mjukuu wako asiye na meno ya mbele, akasema, “Kuka, unatuziba.”

Jumamosi moja wimbo ukapigwa, majina ya waliotengeneza yakapanda, na mtangazaji akasema hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kabisa, asanteni kwa kutazama. Mwisho! Kiboko amefunga ofisi, na kobe hajatokea. Nikauliza kwa sauti, “Na yule kobe je?” Mama Simiyu akakimbia jikoni, ati maziwa inamwagika. Wafula, siku hiyo hakukuwa na maziwa.

Hapo nikajua. Ulimtoa kwa kichwa yako. Miaka minne nimechonga mtu hayuko.

Safari ya kurudi Kitale ilianzia sokoni. Nikampitia Naliaka, naye akanimaliza. “Mzee, hizi zingine usilete tena. Katuni imeisha, watoto sahii wanataka roboti ya plastiki, ya kuweka betri. Lakini kobe niletee. Kobe bado wanauliza.” Kwa hivyo kazi yetu yote, yangu na ya Mama Simiyu, sasa imekalia mgongo wa mnyama wa uongo! Na siku wazazi watajua hakuwa kwa televisheni? Si watasema wazee wawili waliwadanganyia watoto? Na mimi ni mzee wa kanisa, hata kama wananivumilia tu.

Nikaona heri niseme mwenyewe. Nikaanza na Nekesa, kwa sababu ni mdogo, na akinichukia ninaweza kumhonga na korongo. Nikamkalisha kwa ngazi ya jikoni. Nikakohoa. Nikamwambia, “Yule kobe, mjukuu wangu, hayuko kwa katuni. Babu yako alimtunga.”

Akaniangalia vile wewe ulikuwa ukiniangalia nikicheza drafti vibaya.

“Kuka, si tunajua. Si sisi ndio hutazama?”

“Mnajua tangu lini?”

“Tangu kitambo. Babu alisema tusikuambie, ati utaacha kumchonga vizuri.”

Wafula! Kila mtoto wa Bungoma mwenye televisheni alijua. Nilimuuliza Naliaka, akashika mbavu: “Haki mzee, kwani wewe ulikuwa hujui?” Ni mtu mmoja tu alikuwa hajui, na ni yule mwenye kisu mkononi. Nilicheka hadi nikashika nguzo ya kibanda chake. Nilicheka nikalia, na watu wakadhani nimefiwa upya. Hawakukosea sana.

Lakini hofu haikuisha, ilibadilika tu. Kwa sababu Nekesa alikuwa na swali lingine: “Sasa treni zimeisha. Kobe ataenda aje?”

Kumbe kila Jumamosi, katuni ikiisha, wewe unazima televisheni na kuwaambia kobe alichelewa kwa nini wiki hiyo. Mara alisimama kusalimia mbuzi, mbuzi akaanza kumweleza magonjwa yake yote. Mara alirudi nyumbani kuangalia kama amefunga mlango, akakuta alifunga, akarudi tena kuhakikisha. Watoto wa jirani wanakuja kusikiliza, wanaenda kuambia wenzao shuleni, wenzao wanawasumbua wazazi sokoni. Televisheni haikuuza kobe hata mmoja. Ni mdomo wako uliuza, na mdomo wako tumeufukia.

Nikamjibu yule mtoto, “Nitakuambia Jumamosi.” Leo ni Alhamisi, na sina kitu. Mimi nikidanganya natetemeka sauti, unajua, ndiyo maana ulikuwa ukinifunga drafti. Nikinyamaza, kobe watakufa sokoni kama kiboko, na Mama Simiyu ataweka brashi chini. Na ameanza kuimba akipaka rangi, Wafula, kwa sauti ya chini, akidhani simsikii.

Kitu kimoja tu nimepata. Nitasema hivi: huyo mama alifika stesheni akakuta imefungwa, hakuna kiboko, hakuna kengele. Akaangalia reli. Akasema, basi, hakuna wa kuniacha tena. Akaanza kutembea juu ya reli kwa miguu, anakuja Bungoma. Ni mbaya? Nimemwambia mbwa, hajatoka nje.

Kwaheri, mzee mwenzangu. Pumzika, lakini usilale sana, huenda nikahitaji msaada huyo mama akifika Webuye. Nakuahidi hivi: nikiwa na pumzi, huyo mama hatafika upesi. Kila Jumamosi atakuwa mahali fulani kwa reli, na mimi nitakuwa kwa kiti yako, matako yanauma, nikiwaambia watoto ni mahali gani.

Ni mimi,
Ndirangu