Jina Walilolifuta Kitabuni

Saint-Anselme-des-Érables, Quebec
9 Aprili 1957

Kwa ndugu yangu mpendwa Ovila,

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto, na natumaini barua hii itawakuta wazima huko Lowell. Sisi hatujambo. Goti la mume wangu Hormisdas linamsumbua, lakini kila asubuhi anakwenda msituni kuchemsha utomvu wa miti ya mepo uwe sukari, na hakuna wa kumzuia.

Ovila, nakuandikia nikiwa na hasira. Unajua binamu yetu Télesphore, mwalimu mstaafu, anaandika kitabu cha ukoo kwa ajili ya sherehe ya Julai. Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya misa, alitusomea majina nyumbani kwa shangazi Philomène, nasi tuna bakuli za supu ya njegere mikononi. Alipofika kwa baba yetu akanitaja mimi, kisha akarukia ukurasa mwingine. Nikamuuliza, “Na Ovila je?”

Akavua miwani. “Ovila yupi, dada? Nasikia huko Marekani kuna bwana mmoja anaitwa Greenwood. Huyo si wetu.”

Watu wakacheka! Hata shangazi, aliyekulea miaka miwili mama alipougua, alicheka. Télesphore akaongeza kwamba aliyelitupa jina la Boisvert kuwafurahisha wanaosema Kiingereza ameitupa na damu yake. Nikaweka bakuli chini nikaondoka bila kuaga.

Kesho yake nilikwenda kwa padri, nikamwomba vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Nilivisoma siku tatu, vumbi linanikaba. Na unajua nilichokikuta? Babu yetu wa kwanza hakuwa Boisvert hata kidogo! Alikuwa askari, Mathurin Gaboriau, na wenzake jeshini ndio waliompachika hilo jina lenye maana ya msitu wa kijani. Padri wa wakati ule aliandika “Gaboriau aitwaye Boisvert”. Mtoto mmoja kabatizwa Gaboriau, mdogo wake Boisvert, wa tatu kapewa yote mawili. Wajukuu wakaliacha la kwanza, na hakuna aliyewafukuza.

Nilinakili kila kitu nikampelekea Télesphore. Akasema ile ilikuwa desturi ya jeshi, haifanani na mambo yako. Nikamwambia, “Haifanani kwa lipi? Msimamizi wa kiwanda alishindwa kulitamka jina la ndugu yangu, akaandika maana yake kwa Kiingereza, na ndugu yangu ana watoto wa kulisha. Kama unamfuta Ovila, anza na Mathurin, halafu ujifute na wewe!” Uso ukamwiva. Mkewe ndiye aliyemletea kalamu. Umeandikwa, Ovila: “Boisvert aitwaye Greenwood”, na chini yako nafasi ya watoto wako.

Sasa nisikilize, maana hili ni gumu kuliko yote. Februari mwaka juzi, mama akiwa kitandani, barua yako ilifika. Nyuma ya bahasha uliandika Greenwood. Niliona kama umetutemea mate. Nikachukua kalamu nikaandika kwamba mtu huyo hafahamiki hapa, nikamrudishia mtu wa posta. Mama alikuwa akiuliza kila siku kama umeandika. Nilimwambia hapana. Alifariki baada ya siku kumi na moja, akiamini umemsahau. Si posta iliyokosea, kama ulivyodhani. Ni mimi.

Siombi unisamehe leo. Nimeandika Greenwood juu ya bahasha hii, wino ule ule na mkono ule ule. Ukitaka kuirudisha bila jibu, ni haki yako. Ila nitumie majina ya watoto na siku walizozaliwa, hata kwenye karatasi isiyo na salamu.

Hormisdas anakusalimu sana. Wabusu watoto kwa niaba yangu, kama utaona wanastahili kusikia habari zangu.

Dada yako,
Rose-Alma Boisvert, mke wa Hormisdas Plourde