Binti Yangu Alinisahihisha Darasani, Sasa Nataka Kuliacha Somo

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo ikipita nitakuwa nimeshaamua kwa hasira. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nimefua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na saba, na mwaka huu nimeanza kusomea uuguzi, na niseme ukweli sijawahi kuwa na raha kama hii, naamka kabla saa haijalia, mume wangu ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma amejifunza kupika na anawatangazia wateja wake kwamba uzeeni amejikuta ameoa mwanafunzi, na viatu vyangu vyeupe vya chuo vinakauka dirishani sambamba na vya binti yetu wa kwanza, kwa sababu, mshauri, mimi na yeye tuko chuo kimoja na mwaka mmoja, na hapo ndipo penye kidonda.

Tunasoma masomo manne, na moja ni hesabu za dawa, ambalo tunakaa darasa moja, yeye safu ya pili, mimi nyuma kabisa karibu na mlango. Jumatano iliyopita mwalimu aliniita ubaoni nikokotoe kipimo cha sindano, nikakokotoa, nikaandika mililita hamsini, nikageuka natabasamu, na kabla mwalimu hajasema neno binti yangu akanyoosha mkono akasema, "Mama, ni tano." Darasa likacheka, si kwa ubaya, lakini lilicheka, nami nikarudi kitini masikio yanawaka moto, na tangu siku hiyo yeye nyumbani anaongea na mimi kama kawaida wakati mimi namjibu kwa mkato, na baba yake ameshauliza mara mbili kuna nini, nikasema kichwa kinaniuma.

Juzi nimechukua fomu ya kuacha somo, ambayo mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa, nikaijaza yote, imebaki saini tu, lakini karani wa masjala akaniambia nisisaini kwanza, kwa kuwa nasoma kwa ufadhili unaonilipia ada na posho, na ufadhili huo ni wa wanaosoma masomo yote manne, nikibaki na matatu nitahesabiwa mwanafunzi wa muda, utapungua, na pengine nitatakiwa kurudisha sehemu ya nilichokwisha pokea. Akaniuliza kama nafeli, nikamwambia hapana, jaribio la mwisho nimepata hamsini na nane na kufaulu ni hamsini, akanirudishia fomu yangu. Sasa nawaza, au nisirudishe fomu, niache kwenda darasani kimya kimya? Nyumbani nitasema chuo kimenisamehe somo hilo. Nifanye nini?

Dobi wa Mashuka

*

Dobi, hongera kwanza, pole baadaye. Barua yako ilinifikia Jumanne, na kwa kuwa gazeti lisingekuwahi nilikupigia simu. Niliyokuambia nayarudia hapa, kwa ruhusa yako, maana si wewe peke yako mwenye fomu mfukoni.

Aibu naielewa. Kusahihishwa na mtoto uliyemfunga nepi, mbele za watu, kunauma. Lakini hebu jisikilize: una hamsini na nane, unafaulu, halafu unataka kujipunguzia ufadhili na kumdanganya mume anayekupikia, kisa darasa lilicheka kwa sekunde tano. Hiyo si akili ya mtu aliyesugua madoa ya damu miaka kumi na saba bila kulalamika.

Na hilo la kutoweka kimya kimya ndilo baya kuliko yote. Anayeacha somo kwa fomu, ndani ya muda, angalau ameliacha. Anayetoroka jina lake linabaki kwenye orodha, mtihani unapita, anaandikiwa amefeli, na wafadhili wakitazama maendeleo yake wanaona sifuri. Hapo hatakuwepo wa kukutetea.

Nikakuambia uende ofisi ya ufadhili kabla ya kugusa kalamu. Kila chuo kina kanuni zake, usitegemee ya kuambiwa na jirani, wala yangu. Uliza: nikiliacha somo hili, ufadhili unapungua kiasi gani, nitarudisha nini, na mwakani nitahesabiwaje? Kisha uulize kama somo hilohilo lina kundi jingine, kwa sababu kuhama kundi si kuacha somo. Mficha uchi hazai, mama. Na kabla ya yote hayo, zungumza na mwanao.

Ulikwenda Alhamisi. Ofisa alikuonyesha kwamba ungepoteza nusu ya posho, na kwamba kundi la Jumatatu lina nafasi. Ukaondoka na jibu zuri mkononi, ungeweza kuhama na yakaisha. Lakini jioni, mkikunja nguo, ulimweleza binti yako yote, mpaka fomu ukamwonyesha. Ukaniambia alisema, "Mama, nilidhani utafurahi. Si wewe uliyenifundisha mtu akikosea aambiwe palepale?"

Ukacheka, naye akacheka huku anafuta machozi, na baba mtu akaja na mwiko mkononi kuuliza kichwa kimepona.

Kwa hiyo hukuhama. Vizuri. Ila mwambie binti awe anasubiri mwalimu aulize, heshima haigombani na ukweli. Wewe nawe, ondoka karibu na mlango, ukae jirani naye, na kila jioni akupe hesabu tatu uzifanye mbele yake. Mililita hamsini badala ya tano ubaoni ni kicheko, wodini ni msiba. Mwanao amemwokoa mgonjwa ambaye bado hajaugua.

Jumatano ukiitwa tena ubaoni, nenda.